Mama ana vipimo vyangu vyote kwenye daftari lake

Dada mshauri, shikamoo.

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta. Naomba usitaje jina langu wala mtaa ninaokaa, maana mama yangu ana macho mengi hapa Dar es Salaam.

Nina miaka 29. Nimezaliwa Tanga, mtoto wa kwanza na binti pekee; nyuma yangu kuna wadogo zangu wawili wa kiume. Baba alifariki nikiwa na miaka 9. Mama alipotoka eda, nyumba tuliyokuwa tunaishi ilikuwa imeshachukuliwa na ndugu wa baba, tukahamia chumba kimoja cha kupanga, sisi na cherehani yake. Kwa cherehani hiyo ametusomesha sote watatu. Nalisema hili mapema usije ukadhani mimi ni mtoto asiyejua alikotoka.

Mama ni fundi, na fundi hodari. Nguo zote za utotoni alinishonea yeye na mpaka leo ananishonea. Ana daftari la vipimo vya wateja, na mimi nina kurasa zangu humo tangu niko darasa la pili: kifua, kiuno, nyonga, mabega, urefu wa mkono. Kila baada ya miezi miwili mitatu naletewa kifurushi kwa basi, magauni mawili au matatu, na maelekezo lipi ni la kazini na lipi ni la Ijumaa. Sijawahi kujinunulia gauni dukani nikalivaa mbele yake.

Nilipokuwa kidato cha nne nilitaka kusoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, nilikuwa napenda sana lugha na fasihi. Mama alikwenda kuonana na mwalimu wangu, wakajaza ECA, yaani Uchumi, Biashara na Uhasibu, kwenye selform, ile fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano. Nikasoma, nikafaulu, leo ni mhasibu wa kampuni ya mizigo. Cha ajabu ni kwamba kazi yenyewe naipenda. Sijui niseme mama alikosea au alipatia.

Mshahara wangu ukitoka, laki tisa, laki tano naituma Tanga siku hiyo hiyo. Ni mwaka wa nne sasa. Anajenga nyumba Pongwe, imefika lenta. Anasema ni nyumba yangu, ila kiwanja kimeandikwa jina lake kwa sababu, kwa maneno yake, "wewe bado mtoto, watakudanganya."

Saa tatu usiku kila siku anapiga simu ya video. Nisipopokea anampigia mama mwenye nyumba wangu, ambaye ni shoga yake tangu utoto. Nikipokea huniambia nimzungushie simu aone chumba. Wachumba wawili walishakuja, wote aliwakataa kabla hawajanywa chai. Sasa yupo mmoja aliyemtafuta yeye mwenyewe. Hilo niliache, nikilianza sitamaliza.

Mwezi Machi nilikwenda Kariakoo kununua pazia la dirisha la chumbani. Muuzaji akanitolea rangi kama kumi, akaniuliza, "Dada, unapenda ipi?" Nikasimama. Dada mshauri, nilisimama pale mpaka muuzaji akaenda kuhudumia watu wengine wawili akarudi. Sikujua napenda ipi. Nikajikuta nimetoa simu navipiga picha vitambaa vile nimtumie mama. Kabla sijatuma nikaingiwa na hofu ambayo siwezi kuieleza, nikaondoka bila kununua kitu. Mpaka leo dirisha langu nimelifunga kanga.

Siku ile ndipo nilipoanza kujiuliza, hivi mimi ni nani? Ukiondoa anachotaka mama, kinabaki nini?

Mwezi wa tano kulikuwa na harusi ya binamu yangu Muheza. Mama alinishonea sare ya familia, akaishona pana, mikono mirefu ya kumeza vidole, kama ya mtu wa miaka 60. Nikaichukua kimya kimya kwa fundi mmoja hapa Dar akaibana na kukata mikono. Nikafika nayo. Mama alinitazama mara moja tu. Akaja akaigeuza shona kwa ndani, mbele ya mashangazi na watu wote, akauliza, "Nani kapitisha sindano hapa?" Nikanyamaza. Akasema, "Nimezaa, sikujua nazaa mgeni." Akaondoka ukumbini.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Nimepata kazi Mbeya, kampuni inayosafirisha parachichi nje ya nchi, nitakuwa mkuu wa kitengo cha uhasibu, mshahara milioni moja na laki nne, mkataba wa miaka miwili. Niliomba bila kumwambia. Alipojua alisema, "Mbeya una nani? Siku utakayopanda basi la Mbeya, radhi zangu usizitafute. Na ziwa nililokunyonyesha nalo Mungu analiona." Tangu hapo hajapokea simu yangu, wiki ya tatu hii. Mdogo wangu anasema presha ya mama imepanda na hali chakula vizuri. Shangazi mmoja amenitumia ujumbe kwamba nikimuua mama nitajua mwenyewe.

Natakiwa nijibu kazini kabla ya mwisho wa mwezi. Usiku silali. Kuna wakati naona Mbeya ni kama mlango umefunguliwa. Kuna wakati najiuliza kama naitaka Mbeya kweli au nataka tu mahali ambapo mama hafiki. Na nikienda, nitakuwa nimekwenda bila radhi. Nifanyeje?

Mimi binti yake,
Dar es Salaam

*

Marahaba, mdogo wangu. Nitakuita mdogo wangu, maana wa kukuita mwanangu unaye, na yu hai, na sehemu kubwa ya barua hii ni yake.

Nimeisoma usiku, nikairudia asubuhi. Nikikuelewa sawasawa umeniuliza maswali mawili. La juu ni la Mbeya: niende au nisiende, na nikienda radhi zitakwenda wapi? La chini umeliuliza mbele ya vitambaa vya Kariakoo, na hilo ndilo lililonikalisha muda mrefu. Mtu wa miaka 29, mhasibu anayeaminiwa kwa hesabu za kampuni, anaulizwa anapenda rangi gani na hana jibu. Sikucheka wala sikushangaa. Ladha ya mtu hukomaa kwa kutumiwa. Wewe kila ulipofika mahali pa kuchagua umekuta kumeshachaguliwa, tena kwa upendo, tena kwa ufundi. Hofu iliyokushika pale dukani naielewa hivi: kwa mara ya kwanza ulijitafuta, ukaona umechelewa kujibu. Waliochelewa huwa wanafika, usijihukumu kwa hilo.

Kabla ya Mbeya, niruhusu nirudi nyuma kidogo, kuna sentensi uliyoiandika na kuipita haraka. "Mama alipotoka eda, nyumba ilikuwa imeshachukuliwa." Miezi minne na siku kumi mwanamke amekaa ndani na msiba wake, anatoka anakuta hana paa, ana watoto watatu na cherehani. Sikuelezi haya ili uzidi kujiona mwenye deni. Deni hilo umelitaja mwenyewe kabla sijauliza. Nayaeleza kwa sababu nadhani yanafungua mengine yote. Kwa miaka 20 sasa mama yako anaishi kama mtu aliyefunzwa kwamba ukigeuza shingo tu, kitu chako kinakwenda. Simu ya saa tatu, chumba kuzungushwa, kiwanja kwa jina lake, wachumba kukataliwa kabla ya chai: mimi naona mlinzi aliyesahau kwamba zamu iliisha. Kujua sababu hakuondoi uzito wa jambo, na wewe unao uzito huo mabegani. Lakini kunabadilisha namna ya kusema naye. Mtu anayekuonea husemeshwa vingine, na mtu anayeogopa husemeshwa vingine.

Sasa nikuulize kitu, na ukikisoma usikasirike. Katika barua yako nzima nimetafuta mahali ambapo umemwambia mama, uso kwa uso, "Hili silitaki." Sikupaona. Kazi uliomba kwa siri. Sare ulibana kwa siri. Hata kwenye selform hukuniambia kama ulimweleza habari ya HKL au ulimezea. Najua kwa nini, na wasichana wengi waliolelewa na mama mmoja anayejitoa hivyo watajua kwa nini: kumkatalia kunaonekana kama kumpiga. Lakini tazama kilichotokea. Mama yako hajawahi kukutana nawe. Amekutana na binti anayeitikia, kisha siku moja anakutana na uzi wa fundi mwingine ndani ya shona yake.

Hapo pa sare nataka tukae kidogo. Kwako lilikuwa gauni. Kwake, mdogo wangu, ile ni kazi ya mikono yake, na fundi akipelekewa kazi yake kwa fundi mwenzake irekebishwe, tena ionekane mbele za watu, hiyo ni aibu ya kazi kabla hata haijawa aibu ya mama. Simtetei kwa aliyoyasema ukumbini. Kumwita mtoto mgeni mbele ya mashangazi ni jeraha, na unayo haki ya kuumia. Ninachosema ni kwamba pale waliumia watu wawili, na barua yako imehesabu mmoja.

Na hivi, kwa nini alishona pana kiasi kile? Inawezekana ni kukuficha, kama unavyoona wewe. Inawezekana pia hajui tena mwili wako ulivyo. Mara ya mwisho alikushikia futikamba lini?

Nije kwenye radhi, maana najua hapo ndipo usingizi unapokwama. Tumelelewa kwamba pepo iko chini ya nyayo za mama, na sitakuja hapa kulilegeza neno hilo. Lakini tunapoogopa, huwa tunayafunga mambo mawili katika fundo moja: kumtii mama na kumfanyia mama wema. Katika Sura ya Luqman, aya ya 14 inakumbusha mama alivyombeba mwanawe kwa udhaifu juu ya udhaifu. Inayofuata inawazungumzia wazazi wanaomshinikiza mtoto amshirikishe Mungu: asiwatii katika hilo, ila akae nao duniani kwa wema. Najua pale panasemwa shirki, na kazi ya parachichi si shirki, wala mama yako si mtu wa aina hiyo. Nilichokiona humo ni kwamba hata pale utii unapokatika, wema umeachwa usimame. Mimi si mwanachuoni. Nenda kwa shekhe au ustadhati unayemwamini, mweleze lote bila kupunguza, umuulize mzazi akizuia radhi kwa sababu ya kazi ya halali inakuwaje. Usikubali jibu la jambo zito kama hili litoke kwenye ujumbe wa simu wa shangazi.

Kuhusu presha: ichukulie kuwa ni kweli. Usiingie kwenye mtego wa kujiuliza kama anasingizia. Presha ni ugonjwa, ina vipimo na ina dawa, na dawa zake hunywewa kila siku hata siku ambayo mtu anajisikia mzima. Basi muulize mdogo wako maswali ya ugonjwa: imepimwa lini, ilisoma ngapi, dawa anakunywa au ameacha, kliniki anakwenda na nani. Wewe uko mbali kwa saa tano sita za basi. Wao wako Tanga. Vijana wale wawili ni watoto wake pia, na kumpeleka mama kliniki hakuhitaji binti. Nimeona kwamba barua yako imewaweka pembeni kabisa, kama vile mama ana mtoto mmoja. Huenda na wao wamezoea hivyo. Kumtunza ni wajibu wako kwa sehemu yako. Kuwa ndiyo dawa yake, kwamba presha ishuke kwa kuwa wewe umebaki, hilo hakuna mtoto anayeliweza.

Sasa Mbeya. Umeandika mwenyewe kwamba hujui kama unaitaka Mbeya au unataka mahali ambapo mama hafiki. Ni sentensi ya kweli kuliko zote ulizoandika, usiiharakishe. Kazi yenyewe ni nzuri kwa karatasi: cheo, mshahara ulioongezeka kwa laki tano, fani ambayo kumbe unaipenda. Jiulize hivi: kama kazi hiyo hiyo, kwa mshahara huo huo, ingekuwa Tanga mjini, mtaa wa pili kutoka kwa mama, ungeiomba? Na kama Mbeya wangekupa mshahara huu huu wa sasa, ungekwenda? Majibu hayo mawili ukiyaweka pamoja yatakuonyesha ni kwa kiasi gani unataka kazi na kwa kiasi gani unataka kilomita. Kutaka kilomita si dhambi. Watu wengi wazima wamejifahamu wakiwa mbali na nyumbani, kwenye chumba ambacho hakuna anayezungusha simu kukitazama. Ila ukienda kwa ajili ya umbali tu, ujue kwamba sauti ya mama haibaki stendi. Utafika Mbeya, upigwe na baridi ya mwezi wa sita na wa saba inayomshtua mtu wa pwani, usimame duka la mapazia la kule, na bado mkono uende kwenye simu.

Na kwenda kuna gharama nyingine ambayo ni haki uitazame. Kutoka Dar mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Mama akizidiwa, kwa basi hutafika siku hiyo. Hujui mtu kule. Ukienda mkiwa hamsemezani, kila siku ya kimya itakuwa ndefu mara mbili, na huenda ukarudi kabla ya miaka miwili kwa uchungu wa moyo, kisha wote waseme, si tulikwambia.

Kubaki nako kuna gharama, isipokuwa yenyewe hulipwa taratibu, ndiyo maana watu hawaioni. Ukibaki kwa hofu, bila lolote kusemwa, utamlipa mama kwa kinyongo. Utapokea simu ya saa tatu, na sauti yako itakuwa imekufa. Atalisikia hilo. Nimewaona mabinti waliobaki hivyo. Walimtunza mama mpaka mwisho na hawakuweza kumpenda.

Kuna njia ya katikati ambayo sijaiona kwenye barua yako, huenda kwa sababu hasira huonyesha milango miwili tu. Unaweza kuwaandikia wa Mbeya leo, kabla ya mwisho wa mwezi, uombe wiki mbili au tatu zaidi. Wakikataa umejua, wakikubali umepata muda wa kwenda Tanga. Unaweza pia kubaki Dar ukabadilisha yaliyomo ndani ya maisha ya Dar: nyumba ya mwenye nyumba asiye shoga wa mama, simu ya kila siku ikawa ya mara tatu kwa wiki, bila kuzungusha chumba. Mabadiliko hayo ni madogo kuliko Mbeya na huenda yakawa magumu kuliko Mbeya, maana yanamtaka mtu aseme.

Kuhusu fedha nitasema wazi, wewe ni mhasibu. Laki tano kwa miezi 12 kwa miaka minne ni milioni 24. Sina shaka mama amezitia kwenye tofali. Swali ni kama wewe na yeye mmekubaliana nyumba ile ni ya nani. Kama unamjengea mama, ni jambo tukufu. Jenga, malizia bati, usidai kitu. Kama ni yako, basi angalia: kiwanja kina jina lake, kwa hiyo siku Mungu akimwita, nyumba inaingia kwenye mirathi. Mkiwa ninyi watatu ndio warithi peke yenu, kwa mgawo wa Kiislamu kila mdogo wako anapata mafungu mawili na wewe fungu moja. Yaani moja ya tano ya nyumba uliyoijenga mwenyewe. Lipo la kufanya angali hai: kuandikishana, au akupe kwa hiba, yaani zawadi, mbele ya mashahidi, au hati ibebe majina mawili. Mwanasheria au hata wazee wa mtaa wanaoaminika wanaweza kuwakalisha.

Na hapa, mdogo wangu, ndipo nilipoweka kalamu chini. Mama yako alipoteza nyumba kwa sababu karatasi zilikuwa za watu wengine. Kwa kuogopa hilo lisimpate tena, bila kujua, amemweka binti yake mahali pale pale aliposimama yeye. Siamini anaona hivyo. Ukimwambia kwa ukali atasikia unamwita mwizi. Ukimwambia, "Mama, sitaki yaliyokupata wewe yanipate mimi," huenda hiyo ikawa lugha anayoielewa kuliko mtu yeyote katika ukoo wenu.

Mchumba umeniomba nisimguse, nami namwacha, isipokuwa neno moja: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka hiari ya wote wawili, na mtu wa umri wako hiari yake ni yake.

Nani akusindikize kwenye maneno haya? Huku pwani kwetu wazee walikuwa na hekima moja ambayo tunaisahau. Msichana alipovunja ungo hakuachiwa mama yake amfunde. Alitafutiwa somo, mwanamke mwingine, na mambo mengine ya utu uzima aliyapata kwa huyo, mama akiwa nje ya mlango. Mimi nalisoma hivi: walijua mama hawezi kuwa kila kitu kwa binti, na hawakuona ni kumpunguzia heshima. Wewe nani ni somo wako? Si lazima awe yule wa unyago. Yuko mama mkubwa, au jirani wa kile chumba cha kupanga, au mteja wa zamani ambaye mama humsikiliza? Mmoja tu, mwenye kifua. Usipeleke baraza zima. Ukikusanya mashangazi, mama atahisi ameshitakiwa, na atatetea alichosema hata kama alishakijutia.

Au nenda peke yako. Ningekuwa nakuandalia safari hiyo, ningekwambia ufike siku ya kazi, asubuhi, akiwa kwenye cherehani, kwa sababu wapo watu ambao maneno huwatoka vizuri mikono ikiwa na kazi. Anza na sare. Muombe radhi ya sare peke yake, kwa sababu hilo ulimkosea, na usilichanganye na Mbeya ionekane kama umekuja kufanya biashara. Kisha muombe akupime upya. Simama, nyoosha mikono, mwache azungushe futi, aandike namba za mwaka huu. Na akiwa anaandika, mwambie nguo unayoipenda ikoje. Huenda ukababaika. Huenda usijue kama unapenda mikono mifupi kweli au ulitaka tu iwe si mirefu. Sema hata hilo. Muulize na yeye, alipokuwa na miaka 29, kabla baba hajafariki, alikuwa anajishonea nguo za namna gani. Sidhani kama kuna aliyemuuliza kitu cha aina hiyo kwa miaka mingi.

Anaweza kukataa kupima. Anaweza kulia, au akakufukuza, na ukarudi stendi na mkoba wako. Hilo lipo, sitaki kukuahidi kinyume chake. Likitokea, endelea kumpigia simu, salamu fupi, hata asipopokea, na endelea kumhudumia kwa kiasi unachokiweza bila kununua msamaha. Kimya cha mama kina nguvu sana, lakini wiki tatu si miaka, na mara nyingi anayenyamaza anasubiri aone kama utaacha kupiga.

Kama usingizi utaendelea kukosekana, au ukifika mahali unaona bora usiwepo, usisubiri kuniandikia mimi. Nenda hospitali, uonane na daktari au afisa ustawi wa jamii, umwambie hivyo hivyo ulivyoniambia.

Sikukwambia nenda, sikukwambia baki. Nimekuwa nikijaribu kukusikia wewe ndani ya barua hii, na nimekusikia mara tatu: ulipotaja HKL, uliposema kazi unaipenda, na ulipokiri hujui kama unaitaka Mbeya. Huyo anayesema hivyo tayari ana rangi zake. Niandikie tena, ukiwa Mbeya, ukiwa Dar, au ukiwa umekaa mlangoni kwa mama Tanga. Na unieleze pia lile dirisha umelifunga nini.